Mchoro Usioulizwa Haujakamilika: Wanafunzi wa Afya na Mawasiliano ya Picha Mkoani Singida

Miongoni mwa kazi ambazo mwanafunzi wa fani za afya hupewa aendapo vijijini kwa mafunzo ya vitendo, kubuni bango la elimu ya afya ndiyo hudhaniwa kuwa nyepesi kuliko zote. Kutoa damu kunahitaji mkono uliozoea, na kuhesabu kaya kunahitaji daftari na subira. Bango, kwa mawazo ya wengi, linahitaji karatasi ya manila, kalamu za rangi na mwenzetu mmoja mwenye kipaji. Ndiyo maana kuta za zahanati nyingi zimebeba michoro mizuri ambayo hakuna aliyewahi kuuliza kama inasomeka. Makala haya yanaeleza kwa nini kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, na jinsi mradi wa mwanafunzi unavyoweza kupangwa ili picha ifikishe ujumbe wake kwa mtu aliyekusudiwa.

Mifano yetu tumeichukua Mkoa wa Singida kwa sababu maalumu. Mkoa huu, ambao kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na takriban watu milioni 2, una Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, Wadatoga, na Wahadzabe wa wilaya ya Mkalama. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi na soko, lakini si lazima iwe ndiyo lugha ambayo mama humwambia mwanawe anawe uso. Mahali kama hapo mwanafunzi hukimbilia picha akiamini kwamba picha haina lugha. Imani hiyo ndiyo kosa la kwanza.

Picha nayo ina sarufi

Mchoro wowote hutegemea makubaliano ambayo mtazamaji amefundishwa bila kujua kwamba amefundishwa. Kitu kilicho mbali huchorwa kidogo. Mkono uliochorwa peke yake haumaanishi mkono uliokatwa. Mshale huonyesha mwendo, wala si silaha. Picha nne zilizopangwa mstari mmoja husomwa kuanzia kushoto, na mtu aliye katika ya kwanza ndiye yule yule aliye katika ya nne. Aliyekaa darasani miaka saba huyaona hayo kuwa ni maumbile ya dunia. Kumbe ni desturi za kitabu.

Mwaka 1960 mtafiti William Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Aliwaonyesha watu mchoro wa mwindaji mwenye mkuki, swala aliye karibu naye, na tembo mdogo juu ya kilima cha mbali, kisha akauliza mwindaji anafanya nini na ni mnyama yupi aliye karibu naye zaidi. Wengi ambao hawakuwa wamesoma shule walimtaja tembo, kwa sababu juu ya karatasi tembo ndiye aliyekuwa karibu na ncha ya mkuki. Kwa miaka mingi matokeo hayo yalisimuliwa kana kwamba yalithibitisha upungufu katika macho ya Mwafrika. Huo ulikuwa upotoshaji. Michoro yenyewe ilikuwa mikavu, imekosa vidokezo vingi ambavyo jicho huvitegemea uwandani, na wakosoaji waliofuata hawakuchelewa kulisema hilo. Uchunguzi uliofanywa Nepal na UNICEF, ukatolewa taarifa mwaka 1976, ulikuwa na manufaa zaidi kwa mtu wa afya: wanavijiji wengi hawakuona kwamba picha zilizopangwa sambamba zinasimulia jambo moja, wala hawakuwa na sababu ya kuanzia kushoto.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Tanzania ya kati ni wageni wa picha. Michoro ya miambani ya Kondoa, katika mkoa jirani wa Dodoma, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ilikuwapo karne nyingi kabla ya manila. Kanga inayovaliwa kila siku ni chombo cha mawasiliano chenye pindo, mji na jina, na mwanamke huichagua akijua nani ataisoma. Katuni za Chakubanga alizozichora Christian Gregory katika gazeti la Uhuru zilieleweka nchi nzima. Watu wanazijua picha. Ila desturi za picha wanazozijua huenda si zile ambazo mwanafunzi amezibeba kutoka chuoni.

Alama ya X inatosha kuwa mfano. Mwalimu huitumia kumwambia mtoto kwamba amekosa, kwa hiyo mwanafunzi huipigia juu ya picha ya tendo baya akitaraji ieleweke kuwa ni katazo. Lakini kando ya barabara kuu za nchi hii, X nyekundu kwenye ukuta humaanisha kwamba nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara na itabomolewa. Mzee asiyesoma aliyewahi kuiona X hiyo kwa jirani yake hatakuwa mjinga akiisoma katika bango kama tangazo la kubomoa.

Uso wa mtoto na kata ya maji

Tuchukue ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao umeitesa kanda ya kati kwa muda mrefu. Bakteria wake huenezwa kwa vidole, kwa nguo inayopangusia nyuso za watoto wengi, na kwa inzi wanaofuata tongo na kamasi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kigubiko cha jicho hupata kovu. Miaka mingi baadaye kovu hilo hukivuta kigubiko kwa ndani, kope zikaanza kulikwangua jicho kila linapopepesa, na kioo chake cha mbele kikafanya ukungu. Wanawake hupofuka zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo.

Mwanafunzi akiyasoma hayo huchora picha mbili: kushoto mtoto mwenye uso mchafu, kulia bibi kipofu. Kwake yeye huo ni mwanzo na mwisho wa ugonjwa mmoja. Kwa mtazamaji wa kijijini ni bibi na mjukuu wake, na pengine mjukuu ndiye anayemshikia bibi fimbo, maana hilo ni jambo linaloonekana kila siku. Muda wa miaka thelathini hauwezi kuchorwa kati ya picha mbili bila maneno. Mradi mzuri huacha kuchora sababu, ukachora tendo.

Tendo nalo lina matatizo yake. Inzi akichorwa mkubwa kama kuku ili aonekane vizuri, mtazamaji ana haki ya kushukuru kwamba kwao inzi wa namna hiyo hawapo; kisa hicho husimuliwa sana katika mafunzo ya elimu ya afya, mara kwa inzi, mara kwa mbu, na somo lake ni lile lile. Jicho moja lililokatwa kutoka usoni na kuwekwa katikati ya karatasi huonekana kama jicho la samaki au la mchawi. Na maji, ambayo mchoraji wa mjini huyachora yakitiririka kutoka bombani, hugusa jambo zito zaidi.

Singida hupata mvua msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika vijiji vingi maji ya kiangazi hutafutwa mbali. Mama anayetazama bango lenye bomba hujifunza kwamba kunawa uso ni kwa wenye bomba. Katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti wa vikope waliokaa na wanavijiji tangu miaka ya 1980 waligundua kwamba kizuizi kimojawapo kilikuwa kipimo kilichomo mawazoni: akina mama waliamini kuwa kunawisha watoto nyuso kunahitaji maji mengi, hali kwa majaribio ya wazi ilionekana kwamba maji kidogo sana hutosha nyuso nyingi. Utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba vijiji vilivyopata kampeni ya kunawa uso pamoja na dawa ya kupaka vilikuwa na watoto wengi zaidi wenye nyuso safi, na vikope vikali vilipungua.

Kwa hiyo ujumbe unaostahili kuchorwa ni uchache wa maji. Hapa ndipo kazi ya kubuni inapoanza kwa kweli. Uchache huchorwaje? Kata moja ya maji mbele ya watoto watatu, mmoja ananawishwa, wawili wamekwisha kunawa na nyuso zao bado zina matone. Nyuma yao nyumba ya tembe, si jumba la vigae. Hapana bomba, hapana beseni linalofurika. Kisha mtazamaji aulizwe swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha uchoraji: maji haya yametoka wapi? Akijibu kwamba yametoka katika dumu la nyumbani kwake, mchoro umefika. Akijibu kwamba yametoka mjini, urudiwe.

Katika ugonjwa huu huu umo mfano mzuri wa mawasiliano ya macho, nao wala si bango. Dawa ya azithromaisini inapogawiwa kijiji kizima, mgawaji hana haja ya mizani. Mtu husimama kando ya ufito uliotiwa alama, na alama inayolingana na utosi wake hueleza kiasi cha dawa. Aliyeubuni ufito huo aliondoa hesabu ya kilo akaweka jambo linaloonekana kwa jicho. Mwanafunzi anayedhani kwamba mradi wake lazima uwe karatasi ya kubandikwa ukutani ajiulize kwanza kama kinachohitajika si ufito.

Saa nane ni saa ngapi?

Maelekezo ya dawa ni uwanja mwingine ambapo picha hutegemewa, na huko makosa yana gharama ya haraka. Dawa mseto ya malaria, ALu, huliwa dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili huliwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Singida ina malaria kidogo kuliko Kigoma au Geita, na kwa hiyo familia nyingi hazijazoea dawa hiyo. Haziwezi kutegemea kumbukumbu ya mgonjwa wa mwezi uliopita. Zinategemea kile zilichoambiwa dirishani na kilichoandikwa juu ya bahasha.

Sasa tuangalie Kiswahili chetu wenyewe. "Baada ya saa 8" ni muda. "Saa 8" ni wakati wa mchana jua likianza kuinama. Tofauti yake ni neno moja tu, na mama mwenye mtoto aliyechemka mwili hasikii kila neno. Picha ya uso wa saa haitoi msaada, kwani mshale mfupi ukielekea kwenye 8 sisi husema saa mbili. Michoro ya dawa iliyobuniwa ng'ambo ikiwa na saa ya tarakimu, 8:00, ndiyo hupotosha zaidi. Hata lile neno la heshima, "kutwa mara 3", lina mtego: kutwa kwa asili yake ni tangu macheo hadi machweo, na anayelifuata kwa uaminifu anaweza kumeza vidonge vitatu mchana na kuuacha usiku mzima mtupu. Alama ya 1×3 inayoandikwa kwa haraka juu ya bahasha haisemi lolote kuhusu nafasi kati ya dozi na dozi.

Mwanafunzi mwenye busara huchora jua na mwezi. Lakini mtoto aliyepewa dozi ya kwanza zahanati saa nne asubuhi atapaswa kula ya pili saa kumi na mbili jioni, jua likizama, na aliyepewa ya kwanza saa kumi jioni atapaswa kuamshwa saa sita usiku. Picha moja iliyochapwa haiwezi kuwa kweli kwa wote wawili. Suluhisho mojawapo ni kuchora safari ya jua na ya mwezi kama upinde, na kumwachia mtoa dawa nafasi ya kutia alama kwa kalamu mbele ya mgonjwa. Hapo picha inakuwa chombo cha mazungumzo ya dirishani, nayo hubadilika kwa kila mgonjwa.

Nchini Afrika Kusini, Ros Dowse na Martina Ehlers wa Chuo Kikuu cha Rhodes walilinganisha michoro ya dawa iliyobuniwa Marekani na ile waliyoibuni kwa kushirikiana na wasemaji wa Kixhosa wenye elimu ndogo. Iliyobuniwa pamoja na wenyeji ilieleweka vizuri zaidi. Katika tathmini za namna hiyo hutumika vipimo viwili: Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limetumia kiwango cha watu 67 kwa mia wanaoelewa, na kiwango cha Marekani ni 85 kwa mia, tena kwa sharti kwamba wanaoelewa kinyume cha hatari wasizidi 5 kwa mia. Sharti hilo la pili ndilo ningependa wanafunzi wetu walikariri. Mtu asiyeelewa picha ya dawa atauliza. Aliyeielewa kinyume hana sababu ya kuuliza.

Namna ya kuuliza

Kujaribu mchoro ni kazi ya adabu kabla ya kuwa kazi ya takwimu. Mgeni aliyevaa koti jeupe akimwonyesha mtu mzima karatasi, hujibiwa kile anachotaka kusikia.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu."
"Bibi, huyu mama si anamnawisha mtoto uso?"
"Ndiyo, mjukuu wangu, anamnawisha."

Mwanafunzi huandika daftarini kwamba picha imeeleweka, kumbe lililoeleweka ni swali lake. Ajaribu hivi: "Bibi, naomba unisaidie. Mwenzangu amechora hapa, nasi hatuna hakika kama amepatia. Wewe unaona nini?" Anayepimwa sasa ni mchoraji, na bibi ndiye msahihishaji. Huenda akasema anaona mama anampiga mtoto kibao, kwa sababu kiganja kilichofunguliwa kando ya shavu ndivyo kinavyoonekana. Jibu hilo lina thamani kuliko ndiyo ishirini. Kiganja kitakunjwa kishike maji, mtoto atafumba macho, matone yatadondoka kidevuni, na bibi mwingine ataulizwa.

Maswali yaende kwa utaratibu huo: unaona nini, kunatendeka nini, huyu ni mtu wa wapi, unadhani unaambiwa ufanye nini. Kila mmoja aulizwe peke yake, kwa maana barazani mzee akishasema wengine hunyamaza. Majibu yaandikwe kwa maneno yale yale yaliyotamkwa, hata kama ni ya Kinyaturu au Kinyiramba, kisha ndipo yatafsiriwe. Watu kumi au kumi na tano katika kila duru wanatosha kuonyesha ubovu wa mchoro. Si utafiti wa kuchapishwa, ni marekebisho.

Taifa hili limewahi kuifanya kazi ya namna hiyo kwa ukubwa wa kushangaza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia takriban watu milioni 2 kwa muda wa majuma kumi na mawili, ikafundisha juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Tunaikumbuka kwa redio yake. Nguvu yake, kwa maoni yangu, ilikuwa katika vikundi: watu walisikiliza, wakasoma kitabu, kisha wakajadiliana na kuamua watafanya nini. Hawakuachwa peke yao na ujumbe.

Pale ambapo picha inajibu swali lisiloulizwa

Si kila jambo linalostahili bango. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, karibu theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani Singida walieleza kwamba wamekeketwa. Mwanafunzi anayepewa mada hiyo huchora wembe na kuupigia X. Lakini watafiti waliofanya kazi mkoani humo wameeleza habari ya lawalawa, jina linalotumika kwa muwasho na maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto, pamoja na imani kwamba ukeketaji ndio tiba yake. Sheria ya mwaka 1998 ilipouharamisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, tendo hilo liliendelea kwa siri na likahamia kwa watoto wachanga, na lawalawa ikawa sababu inayotajwa.

Mzazi wa namna hiyo ana mtoto anayelia akikojoa. Wembe wenye X unamwambia asichopaswa kufanya, nao unanyamaza kuhusu kilio. Zaidi ya hayo, wembe uliochorwa vizuri humkumbusha kwamba upo. Mchoro unaomfaa ni wa mama aliyembeba mtoto akiingia zahanati, muuguzi akipokea kichupa cha mkojo, mtoto akipewa dawa, mtoto amelala kwa utulivu. Wembe haumo kabisa. Na kama zahanati ya kijiji hicho haina dawa wala kipimo cha mkojo, mchoro huo ni ahadi ya uongo, na mwanafunzi anapaswa kwenda kwa mganga mfawidhi kabla ya kwenda kwa mchoraji.

Hayo yanatufikisha kwenye utoaji wa alama, ambapo sisi walimu tuna wajibu. Tukiendelea kuusahihisha mradi kwa kulitazama bango la mwisho, tutaendelea kupata mabango yanayompendeza msahihishaji. Mwanafunzi awasilishe michoro yote, pamoja na iliyokataliwa, na kando ya kila mmoja maneno ya mtu aliyeukataa, bila jina lake. Sura za wagonjwa halisi zisitumike: kijijini uso mmoja hutambuliwa na kila mtu, na ridhaa iliyotolewa mbele ya daktari mtarajiwa haipaswi kuitwa ridhaa kwa wepesi. Nusu ya alama iende kwenye maswali na marekebisho.

Na mchoro ulioshinda usibaki chuoni. Nakala moja ibandikwe zahanati kwa kimo cha macho ya mama aliyeketi kwenye benchi akingoja, si juu ya mlango. Nyingine apewe mhudumu wa afya ngazi ya jamii, imefunikwa kwa nailoni kwa ajili ya vumbi na upepo wa Singida, pamoja na penseli, ili wakimwambia tena kwamba mama yule anaonekana kama anapiga kibao, aurekebishe mwenyewe.